Tatu nukta tano, au kumi na tano?

Andika 3.5 kwenye karatasi, kisha mpe mtu aliyesoma Tabora au Nakuru akusomee. Atasema tatu nukta tano, na hatasita. Mpe sasa aliyesomea shule za Kifaransa za Brussels, au za Bukavu. Huyo atakodoa macho kidogo, kwa sababu kwake desimali huandikwa kwa mkato, 3,5, na nukta iliyokaa kati ya namba mbili, hasa kwenye daftari la sekondari, ni alama ya kuzidisha. Kwa hiyo jibu ni kumi na tano.

Hilo nililijua jikoni kwa dada yangu, Schaerbeek, Jumapili moja ya Novemba. Binti yake ana miaka 13 na tangu Septemba anasomea nyumbani. Dada alikuwa amemnunulia kitabu cha mazoezi ya hesabu kwa Kiingereza: karatasi nene, picha za rangi, sifa tele kutoka kwa walionunua kabla yake. Ukurasa wa kwanza ulimtaka ajumlishe 2.4 na 1.5. Akaandika 13. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Mbili mara nne ni nane, moja mara tano ni tano, nane na tano ni kumi na tatu. Ukurasa mzima alikuwa ameufanya hivyo, mstari kwa mstari, na kwa jinsi alivyousoma hakukosea hata swali moja.

"Mjomba, hiki kitabu ni cha watoto wadogo," aliniambia. Kwa alivyokielewa, kweli kilikuwa cha watoto wadogo.

Dada akanitwika mzigo hapo hapo. Nilifika na hesabu hadi kidato cha sita, na katika ukoo wetu hiyo inatosha kuitwa mtaalamu. "Kaka, tafuta kitabu kinachofaa," akasema, kama mtu anayemtuma mwenzake dukani akalete chumvi. Imenichukua wiki sita.

Jamaa zetu wa Dar es Salaam wakisikia mtoto haendi shule Ulaya huuliza kwanza kama polisi hawajaja. Hawaji. Katiba ya Ubelgiji inasema tangu 1831 kwamba elimu ni huru, na sheria ya Juni 29, 1983, inayomlazimisha mtoto kusoma hadi miaka 18, inalazimisha kusoma, haisemi lazima iwe darasani. Tangu Septemba 2020 wajibu huo huanza mtoto akiwa na miaka 5. Ugumu uko kwingine: elimu hapa si kazi ya serikali kuu. Mwaka 1989 ilikabidhiwa jumuiya za lugha, na Brussels ni mji wa jumuiya mbili kwa wakati mmoja. Mzazi anayetaka kufundishia nyumbani huchagua atatoa taarifa upande gani, wa Kiholanzi au wa Kifaransa, na uchaguzi huo ndio unaoamua kitabu hata kabla hajaingia dukani.

Upande wa Kiholanzi kuna chombo kinachoitwa Examencommissie. Hakifundishi, kinatahini tu. Mtoto anayesomea nyumbani anatakiwa apate cheti cha elimu ya msingi akiwa na miaka kama 11, na cha ngazi ya kwanza ya sekondari akiwa na miaka kama 15, na akishindwa mara mbili lazima aandikishwe shule. Upande wa Kifaransa, dikrii ya Aprili 25, 2008 imeweka njia yake: wakaguzi humpima mtoto akiwa na miaka 8 na akiwa na 10, kisha huja mtihani wa kumaliza msingi uitwao CEB, kisha CE1D wa mwisho wa mwaka wa pili wa sekondari, na mwishoni kuna baraza la kutahini, jury, linalotoa cheti cha kumaliza sekondari kwa wasiokuwa na shule. Upande huu uko katikati ya mageuzi, kwa hiyo mzazi asitegemee alichoambiwa na jirani mwaka juzi. Aende mwenyewe kwenye ukurasa wa wizara.

Mtanzania anayesoma haya ameshayaona nyumbani kwa jina jingine. Ni mtahiniwa wa kujitegemea, yule anayefanya Mtihani wa Maarifa, QT, kabla ya kuruhusiwa kukaa na wenzake wa kidato cha nne. Tofauti ni kwamba kwetu aghalabu ni mtu mzima aliyeikosa shule, na hapa ni msichana wa miaka 13 anayekunywa chai ya maziwa jikoni kwa mama yake huku amevaa soksi za paka.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya halikuwa kununua. Mpwa wangu yuko upande wa Kifaransa, kwa hiyo nilipakua mitihani ya CE1D ya miaka iliyopita. Iko wazi kwa kila mtu, pamoja na mwongozo wa kusahihisha unaoonyesha alama inatolewa kwa hatua gani na inakatwa kwa kosa gani. Wanaoelekea Examencommissie nao wana karatasi yao ya kila somo, vakfiche, inayotaja mada zinazotahiniwa, uzito wa kila mada na vifaa vinavyoruhusiwa. Ni bure pia. Wazazi wengi huikuta karatasi hii wakiwa wameshatumia fedha, na hapo ndipo hugundua kwamba kitabu chao kina sura nzima ya kitu kisichoulizwa na hakina mstari mmoja kuhusu takwimu.

Kuna familia za Waafrika Mashariki hapa ambazo hazitaki njia yoyote kati ya hizo mbili. Wanahama kila baada ya miaka mitatu kwa kazi za ubalozi au za mashirika, na wanawaandaa watoto kwa mtihani wa kimataifa wa Cambridge, IGCSE, ule ule unaofanywa katika shule za kimataifa za Nairobi na Dar es Salaam. Waangalie kwanza wenyewe kama huo unatosheleza matakwa ya jumuiya waliyotoa taarifa kwake. Kisha waangalie mwaka wa kitabu. Mtaala wa hesabu wa IGCSE namba 0580 ulibadilika kuanzia mitihani ya 2025: sasa karatasi moja hufanywa bila kikokotoo. Kitabu cha 2018 kitakachookotwa kwa bei ya bure kimeandikwa kwa mtoto mwenye kikokotoo mkononi mwanzo hadi mwisho, na hakuna kitu kwenye jalada kitakachomwonya mnunuzi.

Jalada, kwa kweli, ndilo linalodanganya kuliko kitu chochote. Chukua tarakimu iliyoandikwa juu yake. Kitabu cha hesabu cha "5e" kilichochapishwa Ufaransa ni cha mtoto wa miaka 12, kwa sababu Wafaransa huhesabu madarasa ya sekondari kwa kushuka, kutoka la sita hadi la kwanza. Kitabu cha "5e" cha Ubelgiji ni cha kijana wa miaka 16, kwa sababu Wabelgiji huhesabu kwa kupanda, kama sisi. Isipokuwa kama ni la tano la msingi, na hapo ni mtoto wa miaka 10. Vyote vitatu viko Brussels, kwa lugha moja, na duka la vitabu vilivyotumika huvipanga kwenye rafu moja. Hili lina uzito kwa sababu vitabu vya bure vilivyo bora kwa Kifaransa vinatoka Ufaransa: chama cha walimu cha Sésamath, kilichoanzishwa 2001, kinaweka vitabu na madaftari yake ya mazoezi mtandaoni, kila mtu apakue. Ni kazi nzuri mno. Ila mtaala ni wa Paris. Kinachofundishwa Ubelgiji mwaka wa pili wa sekondari hakilingani ukurasa kwa ukurasa na kinachofundishwa kule.

Basi nikaenda kwenye rafu zenyewe. Boulevard Maurice Lemonnier, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya Midi, kuna Pêle-Mêle, duka ambalo kila mwanafunzi maskini wa Brussels amewahi kuuza kitu humo na kununua kingine. Vitabu vya shule vya Ubelgiji nilivikuta vimebanana: Actimath kwa Kifaransa, Van Basis tot Limiet kwa Kiholanzi, na ndugu zao wengi. Kufungua ndipo nikaelewa shida. Siku hizi vitabu vingi vya hapa ni kitabu na daftari kwa pamoja: maelezo juu, nafasi ya kujibu chini. Mtoto huandika ndani yake, mwaka ukiisha kitabu kimekufa. Kilichofika dukani kimejaa mwandiko wa mtoto mwingine, majibu sahihi na ya ovyo, na mara nyingine mioyo yenye herufi mbili ndani.

Kipya basi? Kipya kinapatikana, na kwa kitabu kimoja usishangae kutoa euro 20 na zaidi. Shida ya kipya ni majibu. Kitabu cha shule kimeandikwa kwa kudhani kuna mwalimu, na mwalimu ana kitabu chake chenye majibu. Mara nyingi kitabu hicho hakiuzwi kwa mtu wa kawaida. Kinatolewa kwa walimu wenye akaunti ya shule. Mzazi anayemfundisha mwanawe mezani baada ya zamu ya usiku hana akaunti ya shule. Anakaa na swali la 14 la ukurasa wa 63, mwanawe amepata 7, naye amepata 9, na hakuna wa kuwaamua. Ndiyo maana kigezo changu cha kwanza dukani si lugha wala picha wala bei. Nafungua nyuma. Kama hakuna majibu, nauliza yanapatikana wapi, na kama hayapatikani nakirudisha. Na majibu yenyewe yawe na njia. Kitabu kinachosema "x = 9" na kunyamaza kinamwambia mtoto amekosea, hakimwambii amekosea wapi.

Cha pili ni ukurasa wa mazoezi wenyewe. Vitabu vingi, hasa vile vinavyouzwa kwa wazazi wenye hofu, vina maswali ishirini ya aina moja kwa mpigo: ishirini ya kujumlisha sehemu, kisha ishirini ya kuzidisha sehemu, kisha ishirini ya asilimia. Mtoto akishalijua la kwanza hahitaji kusoma mengine kumi na tisa. Mkono unafanya, kichwa kinasikiliza muziki. Anapata ishirini kwa ishirini, mama anafurahi, na siku ya mtihani swali linakuja peke yake bila kichwa cha habari juu yake, mtoto hajui hata aanze na kuzidisha au kugawanya. Mtafiti wa Marekani Doug Rohrer, wa Chuo Kikuu cha South Florida, ametumia miaka mingi kuonyesha jambo hili kwa wanafunzi wa rika hilo hilo: waliochanganyiwa mada katika zoezi moja hukosea zaidi wakati wa kujifunza, na hufanya vizuri zaidi wanapopimwa baadaye. Ni habari mbaya kwa mwenye kuuza vitabu, kwa sababu kitabu kinachofundisha vizuri humfanya mtoto ajione mjinga kwa wiki kadhaa.

Wapo waliojenga shughuli zao zote juu ya upande mmoja wa hoja hii. Toru Kumon, mwalimu wa hesabu wa Osaka, alianza 1954 kumwandikia mwanawe karatasi za mazoezi, hatua ndogo ndogo, kila siku, hadi mkono usikosee. John Saxon, afisa wa zamani wa jeshi la anga la Marekani, miaka ya mwanzo ya 1980 alitoa vitabu vya aljebra ambavyo kila zoezi ndani yake linarudisha mada za wiki zilizopita, na wazazi wanaofundishia nyumbani kule wakavikumbatia. Sina ugomvi na Kumon kwa mtoto wa miaka 8. Kwa kijana wa miaka 13 aliyetoka shule amechoka na hesabu, karatasi zinazofanana kila siku ni njia ya hakika ya kumfanya azichukie kabisa. Saxon hana sura ya kuvutia, kurasa zake ni kijivu kama mvua ya Brussels, lakini wazo lake la kurudia kwa kuchanganya ndilo nililolitafuta katika vitabu vya hapa. Nililipata mara chache, kwa kawaida mwishoni mwa sura, kwenye kisanduku ambacho walimu hukiruka muda ukibana.

Kuhusu uzuri wa kitabu, Brussels ina kisa chake ambacho kila mzazi anayepapasa karatasi ya kung'aa angefaa kukijua. Mwaka 1963 Georges Papy, profesa wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, alitoa juzuu ya kwanza ya Mathématique moderne kwa wanafunzi wa miaka 12. Ulimwengu wa elimu ulikuwa haujaona kitu kama hicho. Badala ya kurasa za maneno kulikuwa na seti zilizozungushiwa mistari kama kamba, na mishale myekundu, ya kijani na ya buluu ikiruka kutoka kitu kimoja hadi kingine. Mkewe, Frédérique, alikuwa mwalimu hodari aliyeyafundisha hayo kwa watoto wa rika zote. Kabla yao kulikuwa na Mbelgiji mwingine, Georges Cuisenaire, mwalimu wa mji mdogo wa Thuin, aliyechonga vijiti vya rangi vya kuhesabia na mwaka 1952 kuvitungia kitabu. Vijiti hivyo vimefika hadi kwenye madarasa ya Afrika. Papy aliziazima rangi hizo. Katika ubao wake wa kuhesabia, nyeupe ni moja, nyekundu ni mbili, zambarau ni nne, hudhurungi ni nane, sawasawa na vijiti vya Cuisenaire.

Mwaka 1968 hisabati hii ya seti na mishale, iliyoitwa hisabati mpya, ikawa ya lazima katika sekondari za Ubelgiji. Wimbi lenyewe lilikuwa la dunia nzima, nasi hatukubaki nje. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati mpya vilivyojulikana kwa jina la mji huo. Wazazi wengi waliosoma Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya 1960 na 1970 walikutana na seti kabla hawajakutana na riba. Wengine waliweza kukueleza mwingiliano wa seti mbili lakini sokoni chenji ikawatoa jasho. Au ndivyo walivyolalamika wazazi wao. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi akaipiga marufuku hisabati mpya katika shule za Kenya, na vitabu vikaandikwa upya. Ubelgiji haikuhitaji amri ya rais. Mishale ilififia yenyewe, mwaka baada ya mwaka, walimu wakarudi kwenye maumbo na vipimo.

Sitaki kumcheka Papy. Ukifungua juzuu yake leo bado inapendeza, na ukipata nafasi ifungue. Lakini kitabu kile kiliandikwa na mtu aliyekuwa amesimama mbele ya darasa, akiuliza, akingoja, akichora ubaoni mshale mwingine. Kilipofika mikononi mwa mwalimu aliyepewa semina ya siku chache, rangi zilibaki na mwalimu akakosekana. Ndivyo ilivyo kwa kitabu chochote kizuri kinachofika kwenye meza ya jikoni. Jiulize kilidhani nani ameketi karibu na mtoto.

Kwa mpwa wangu, aliyeketi karibu ni mama aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na mtihani ni wa Kifaransa. Hapo ndipo alama ndogo zinapokuwa kubwa. Vitabu vya Ubelgiji vikiandika N yenye sifuri ndogo chini yake vinamaanisha namba asilia ukiondoa sifuri. Vitabu vingi vya Kiingereza vikiandika alama hiyo hiyo vinamaanisha ukiijumuisha. Mwalimu wa Kiingereza akisema namba chanya, sifuri haimo. Mwalimu wa hapa, awe wa Kifaransa au wa Kiholanzi, humwambia mtoto kwamba sifuri ni chanya na ni hasi pia. Kuandika namba zilizo kati ya mbili na tano bila mbili wala tano zenyewe, kitabu cha London hutumia mabano ya kawaida. Cha Brussels hutumia mabano ya mraba yaliyogeuzia mgongo namba. Na kwa sababu mkato umeshachukuliwa na desimali, kitabu cha Brussels kikitaja nukta kwenye grafu hulazimika kutenganisha namba zake kwa nukta mkato. Hakuna hata moja kati ya haya linaloelezwa na kitabu, kwa kuwa kila kitabu hudhani dunia nzima inaandika kama chenyewe.

Desimali zenyewe zina mwenyewe hapa. Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges mwaka 1548, alitoa 1585 kijitabu kiitwacho De Thiende kuwafundisha wapimaji ardhi, wafanyabiashara na wakuu wa sarafu kuhesabu kwa desimali. Hakuwa wa kwanza duniani. Huko Damascus al-Uqlidisi alikuwa ameziandika katika karne ya 10. Lakini ni yeye aliyezieneza Ulaya, na cha kuchekesha ni kwamba hakutumia mkato wala nukta. Aliandika tarakimu na pembeni yake vijiduara vyenye namba ndani. Stevin ndiye pia aliyewapa Waholanzi neno lao la hisabati, wiskunde, lenye maana ya ujuzi wa yale yaliyo ya hakika. Nilimsimulia mpwa wangu. Akauliza kwa nini basi hakuamua mapema, nukta au mkato, watu wakapumzika.

Mama yake naye ana mzigo wake aliokuja nao. Alipomfundisha binti mpangilio wa matendo alimfundisha MAGAZIJUTO, kama alivyofundishwa Morogoro: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno tamu, halisahauliki. Ila ukilifuata kama amri ya jeshi, 10 − 4 + 3 inakuwa 3, kwa sababu umejumlisha nne na tatu kabla ya kutoa. Jibu ni 9: kujumlisha na kutoa zina daraja moja, unakwenda kushoto kwenda kulia, na kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. Dada alibisha. Tukapiga kwenye kikokotoo cha simu. Akasema simu imeharibika.

Hata hivyo nilimsihi asiache kufundisha kwa Kiswahili. Kuna wazazi hapa wanaonyamaza mezani kwa kuogopa kwamba maneno yao yatamchanganya mtoto. Mtoto wa Brussels hachanganyikiwi na lugha. Ndicho chakula chake. Tisini na saba kwa Kifaransa cha hapa ni nonante-sept, tisini na saba kabisa, tofauti na cha Paris kinachosema ishirini nne na kumi na saba. Kwa Kiholanzi ni saba na tisini, na bibi yeyote wa Mji Mkongwe anayejua Kiarabu atakwambia hilo halimshangazi. Hesabu ya mafumbo ikisimuliwa kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kifaransa na kuandika kwa alama za Ubelgiji, hajapotea. Anayepotea ni yule ambaye hakuna mtu mezani wa kumwambia "nieleze umefikaje hapo".

Familia za Kivu na Katanga zina jaribu la aina nyingine. Vitabu vya hesabu kutoka Kongo ni vya Kifaransa, vinatumia mkato, na wazazi wanavijua. Lakini Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari kule, hujibiwa zaidi kwa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, na kijana aliyeandaliwa hivyo hujifunza kulinusa jibu. Miongozo ya CE1D niliyopakua hutoa alama kwa hatua. Jibu sahihi lililotoka hewani halipati zote. Vijana waliofika karibuni na kukosa miaka ya shule kwa vita nawashauri zaidi madarasa ya mapokezi, OKAN upande wa Kiholanzi au DASPA upande wa Kifaransa, kabla ya kufikiria kitabu chochote. Upweke wa jikoni haumfai kila mtu.

Mwishoni nilimpelekea dada vitu vitatu. Mitihani ya zamani niliyoichapisha na kuitia kwenye faili. Kitabu kimoja kipya cha Ubelgiji, chembamba, sura yake haivutii, chenye majibu ya hatua kwa hatua nyuma. Cha tatu nilikinunua Pêle-Mêle kwa bei ya kikombe cha kahawa: kitabu cha mazoezi cha mwaka wa pili kilichojazwa chote na mtoto nisiyemjua. Dada alikitazama kama samaki aliyekaa juani. "Hiki wameshakiandika, Kaka."

Nilimpa binti yake kalamu nyekundu. Kazi yake, nikamwambia, ni kukisahihisha. Mwandiko wa mwenye kitabu ulikuwa wa mviringo, wenye haraka, na makosa yake yalikuwa yale yale ya kila mtu: alama ya kutoa iliyosahaulika nje ya mabano, sehemu zilizojumlishwa juu kwa juu na chini kwa chini. Mpwa wangu alianza akiwa na dharau, kisha akanyamaza, kisha akaanza kunisemesha. Huyu hapa amesahau kubadilisha alama. Huyu hapa amepata jibu lakini njia siyo. Alikuwa akiandika pembeni kwa Kifaransa, kwa ukali kidogo kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kupata.

Alipofika sura ya milinganyo, mwenye kitabu alikuwa amejibu sita kati ya kumi na mbili. Chini ya la sita alikuwa amechora farasi, mzuri, mwenye manyoya ya shingo yaliyopeperuka. Kuanzia la saba kurasa zilikuwa tupu. Mpwa wangu alimtazama farasi yule kwa muda. Kisha akaweka kalamu nyekundu mezani, akachukua penseli, akaanza la saba.